Kinachowazuia watu kusafiri nje si ugonjwa, ni hofu ya kukwama

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nichangie hoja ya msomaji mwenzangu, aliyeandika hivi karibuni kwamba Watanzania wengi hawajarudia kusafiri nje ya nchi kama walivyokuwa wakisafiri kabla ya mwaka 2020 kwa sababu bado wanaogopa kuambukizwa. Barua hiyo niliisoma mara mbili. Mwandishi wake ameandika kwa heshima na kwa nia njema, lakini naona ameutafuta ugonjwa mahali ambapo haupo, na kwa kuwa kazi yangu hunikutanisha karibu kila siku na wanaotaka kusafiri pamoja na wale walioghairi, nimeona si vema nikae kimya.

Mimi ni wakala mdogo wa tiketi hapa Mbeya mjini. Nina chumba kimoja, kompyuta mbili na benchi la wateja. Ni haki msomaji ajue mapema kwamba mtu akikata tiketi mimi napata kamisheni, kwa hiyo maneno yangu ayapime akiwa analijua hilo. Hata hivyo, anayeishi kwa kamisheni ana sababu nzuri kuliko wengine ya kutaka kujua kwa nini mteja amefika mlangoni, ameketi, ameuliza kila kitu, kisha ameaga na kuondoka bila kulipa.

Kabla ya korona, swali la kwanza la mteja lilikuwa nauli, na la pili lilikuwa kilo za mizigo anazoruhusiwa. Maswali hayo bado yapo, lakini yamesogezwa nyuma. Siku hizi mteja huanza kwa kuuliza, "Wakifunga, nitarudije?" Hasemi ni nani atakayefunga wala kwa nini. Neno "wakifunga" limekuwa linajitosheleza, kama vile mkulima anavyosema "ikinyesha" bila kuhitaji kuitaja mvua. Katika miaka yote niliyoketi kwenye meza hii tangu Shirika la Afya Duniani litangaze, tarehe 5 Mei 2023, kwamba UVIKO-19 si dharura ya kimataifa tena, walioniuliza kama wataambukizwa huko waendako ni wachache mno, na wengi wao ni wazee au wagonjwa wa kisukari ambao madaktari wao wamewatahadharisha. Walioniuliza habari ya kufungiwa sina hesabu yao.

Nitatoa mfano wa mama mmoja wa Uyole, mfanyabiashara wa viazi, ambaye ameniruhusu niandike habari zake bila kulitaja jina lake. Katikati ya Machi 2020 alikwenda Johannesburg kumsaidia binti yake aliyekuwa amejifungua. Alipanga kukaa wiki tatu. Tarehe 27 Machi Afrika Kusini ilianza kuwafungia watu majumbani, na ndege za abiria za kimataifa hazikurejea huko mpaka tarehe 1 Oktoba. Wiki tatu zikawa zaidi ya miezi sita. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama huyu husema jembe aliliomba mwenyewe, lakini katika nyumba ya ghorofa ya nne angelima wapi? Mkwewe alipunguziwa mshahara, mtoto mchanga alikuwa halali, na yeye alikuwa akila chakula ambacho alijua kimepimwa kwa watu watatu. Huku nyumbani viazi vyake viliuzwa na vijana ambao hawakumpa hesabu, na tiketi yake ya kurudia iligeuzwa kuwa vocha ya mwaka mmoja, vocha ambayo muda wake uliisha kabla hajapata mtu wa kumweleza inavyotumika.

Nilipomuuliza kama aliogopa ugonjwa, alifikiri kidogo, kisha akanijibu kwamba ugonjwa aliuogopa kama kila mtu, lakini uliokuwa ukimkosesha usingizi ni mwingine. "Mwanangu," aliniambia, "niliogopa kufa kule nikazikwa na watu wasiolijua jina la baba yangu." Mtu asiyetoka Nyanda za Juu Kusini anaweza kuyaona maneno hayo kuwa ya kutia chumvi. Aliyelelewa huku, ambako watu husafiri usiku kucha kutoka Dar es Salaam ili wafike kabla ya udongo wa kwanza, anajua kwamba hayana chumvi hata chembe.

Kama hofu ya ugonjwa ingekuwa ndiyo sababu kuu, tungeliona jambo hilo mipakani kwetu, ambako tumepata mtihani mwingine baada ya korona. Kuanzia Machi 2022 Malawi ilikumbwa na kipindupindu kibaya kuliko vyote katika historia yake, kikaua watu zaidi ya 1,700. Kabla majirani hao hawajatulia vizuri, mwishoni mwa 2023 Zambia nayo ikapigwa, hata uwanja mkubwa wa michezo wa Lusaka ukageuzwa kituo cha matibabu na ufunguzi wa shule Januari 2024 ukaahirishwa. Je, watu wa Kyela waliacha kuvuka mpaka wa Kasumulu kwenda Malawi? Je, mabasi ya Lusaka yaliacha kupita hapa Mbeya yakiwa na abiria? Niliyaona kwa macho yangu. Watu walibeba maji yao ya kunywa, walinawa mikono walipoelekezwa, wakaenda, kwa kuwa mpaka ulikuwa wazi na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba lango alilotokea ndilo atakalorudia.

Najua nitajibiwa kwamba kipindupindu ni ugonjwa tuliouzoea na dawa yake tunaijua, ilhali korona ilikuwa mgeni. Jibu hilo lina uzito na silipuuzi. Lakini mpaka wa Nakonde, mji wa Zambia unaopakana na Tunduma yetu, ulipofungwa kwa muda Mei 2020, baada ya wagonjwa wengi kubainika katika mji ule, wenyeji wa Tunduma hawakulalamika kwamba ugonjwa umewafuata. Walilalamika kwamba ndugu zao wamebaki ng'ambo. Kwa watu wale nje ya nchi ni upande wa pili wa barabara. Mtu ana shamba huku, ana shangazi kule, na kituo cha pamoja cha huduma za mpakani kilikuwa kimezinduliwa Oktoba 2019, miezi michache tu kabla, kwa ahadi kwamba kuvuka sasa kutakuwa kwepesi. Waandishi wengi wanapozungumzia safari za nje huwa wanaifikiria Dubai au London, wanasahau kwamba sisi wa huku ndio tunaosafiri nje ya nchi mara nyingi kuliko wakazi wa jiji, tena kwa miguu.

Jambo jingine ni masharti, na hapa nitaomba radhi kwa kuchukua nafasi kubwa, kwa sababu ndilo lililowachosha wateja wangu kuliko yote. Siyapingi masharti ya afya. Sote tunaifahamu kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Msafiri anachanjwa mara moja, anapewa kadi, na tangu Julai 2016 kadi hiyo inatambulika kwa maisha yote ya mwenye nayo. Sijawahi kupoteza mteja kwa sababu ya kadi ya njano. Ni sharti kali, maana bila kadi mtu anaweza kurudishwa uwanjani, lakini linajulikana, halibadiliki kila wiki, na aliyelitimiza mwaka jana halazimiki kulitimiza tena leo. Watu hawaogopi sharti kali. Wanaogopa sharti linalobadilika ukiwa njiani.

Masharti ya korona yalikuwa ya aina hiyo ya pili. Chukua kipimo kilichotakiwa kiwe hakijazidi saa 72. Kwa mkazi wa Dar es Salaam saa 72 ni siku tatu kamili. Kwa mkazi wa Mbeya, aliye zaidi ya kilomita 800 kutoka huko, hesabu ni nyingine kabisa. Mwaka 2021 nilikuwa na mteja aliyekuwa akienda Dubai kununua vipuri vya magari. Aliondoka hapa Jumapili alfajiri kwa basi, akateremka mlima Kitonga akiwa salama, akafika Dar usiku, na Jumatatu saa tatu asubuhi akapimwa kwa zaidi ya shilingi laki mbili. Ndege yake ilikuwa Jumatano saa tano usiku. Aliambiwa majibu yatatoka Jumanne; yakatoka Jumatano jioni, yakionyesha kwamba hana ugonjwa, ila jina lake kwenye cheti lilikuwa limekosewa herufi moja na halikulingana na pasipoti. Mrekebishaji alikuwa ameshaondoka kazini. Ndege ikaenda. Nafasi iliyofuata ilikuwa baada ya siku mbili, kipimo kikawa kimeshapitwa na muda, naye akatakiwa kupimwa upya kwa bei ileile, huku akilipia chumba cha kulala wageni kila siku. Mtu huyo hakuugua hata mafua. Leo ananunua vipuri Kariakoo kwa bei ya juu, na ninapomkumbusha habari ya Dubai hucheka tu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Kisha kulikuwa na dharau, neno ambalo si rahisi kuliandika katika barua ya heshima lakini sijapata jingine. Septemba 2021 Uingereza ilitangaza nchi ambazo vyeti vyake vya chanjo ingevitambua, na katika orodha ile ya kwanza Afrika haikuwamo hata nchi moja. Maana yake ilikuwa kwamba chanjo ileile, yenye chapa ileile, ilimkinga mtu akichanjwa Ulaya na haikumkinga akichanjwa Afrika. Orodha ilipanuliwa baadaye, lakini neno lilikuwa limekwisha kusikika. Miezi miwili baada ya hapo, wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana walipoueleza ulimwengu kwa uwazi kuhusu aina mpya ya kirusi iliyokuja kuitwa Omikroni, kusini mwa Afrika pakafungiwa milango ndani ya siku chache. Marekani ilizizuia nchi nane, Malawi na Msumbiji zikiwemo, kuanzia tarehe 29 Novemba hadi 31 Desemba, ingawa kirusi hicho kilikuwa kimeshaingia Uholanzi kabla ya tangazo lenyewe. Mchungaji mmoja aliyekuwa na mwaliko wa kanisa rafiki ng'ambo aliniambia kwamba tangu siku ile haoni haya kusema hataki tena kusimama kwenye foleni ambayo watu wa upande wake huondolewa kwanza. Sikuwa na la kumjibu, nikamrudishia pasipoti yake.

Hayo ndiyo yanayorudisha watu nyuma. Sasa yapo yanayowasukuma kwenda licha ya yote, na huko nako nimekuta mambo tofauti na yanayosimuliwa mara kwa mara. Inasemekana kwamba watu wa nchi tajiri walipofunguliwa walikimbilia fukwe na miji ya mbali ili kufidia muda uliopotea, na takwimu za dunia zinaonyesha hivyo: safari za kimataifa zilizokuwa karibu bilioni moja na nusu mwaka 2019 zilianguka hadi karibu milioni 400 mwaka 2020, na kufikia 2024 zilikuwa zimerudi karibu kabisa zilipokuwa. Hata sisi tulipokea matunda yake, maana nchi yetu ilifungua anga lake Mei 2020, wakati wengine wamejifungia, na wageni, ambao idadi yao ilishuka kutoka takriban milioni moja na nusu hadi laki sita na ushei mwaka ule, walipita milioni 1.8 mwaka 2023. Sisemi kwamba kila kilichofanyika wakati ule kilikuwa sahihi. Nasema tu kwamba wageni hao nao walikwenda palipokuwa na mlango wazi, na kama ingekuwa ni woga wa ugonjwa peke yake, wasingeteremka Zanzibar mwaka 2020 na 2021 kama walivyoteremka. Huku kwetu, katika hifadhi za Ruaha na Kitulo, tuliwaona wachache, lakini hayo ni malalamiko yetu ya siku zote.

Wateja wangu si watu wa fukwe. (Waliosafiri kwa starehe tupu walikwenda Zanzibar, na wapo walioniuliza kama watahitaji pasipoti, nikawaambia wachukue kitambulisho na mafuta ya kujikinga na jua.) Kinachowatoa watu wa huku nyumbani ni deni. Namaanisha deni la kibinadamu, ambalo miaka ile ya kufungiwa iliwalimbikizia bila wao kutaka. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga wanaelewana lugha, wanaoana, na Mto Songwe unaowatenganisha ni mpaka kwa wapima ramani kuliko kwa wenyewe. Wakati njia zilipobana, watu walikufa upande mmoja na ndugu wa upande wa pili hawakuwazika. Njia zilipofunguka, nilishuhudia ukoo mmoja ukichanga na kukodi basi dogo kwenda Karonga kuhani misiba mitatu kwa mpigo, mmoja kati yake ukiwa umepita zaidi ya mwaka. Walikwenda na mchele, vitenge na mzee wa kusema maneno. Hakuna tangazo la utalii lililowashawishi, wala hakuna punguzo la nauli ambalo lingewaongezea haraka waliyokuwa nayo.

Mzee mwingine, wa Mbalizi, alikuwa na deni la namna yake. Alikuwa ameweka akiba ya Hija kidogokidogo kwa miaka mingi, akapanga kwenda 2020. Mwaka ule Saudi Arabia iliruhusu mahujaji wapatao elfu moja tu, wote wakiwa wakazi wa huko. Mwaka 2021 waliruhusiwa elfu sitini, nao ni wakazi. Mwaka 2022 milango ilifunguliwa kwa watu milioni moja kutoka duniani kote, lakini kwa wasiotimiza miaka 65, na mzee wangu alikuwa ameshatimiza 66. Nilipomweleza sharti hilo alinyamaza, kisha akaniuliza kama serikali ile inajua kwamba ni yenyewe iliyomchelewesha. Mwaka 2023 kikomo cha umri kiliondolewa, naye akaenda. Alipokuwa akijiandaa, mwanawe alimtajia joto, msongamano na magonjwa. Mzee akamjibu kwamba tangu 2020 amekuwa akisafiri, ila mwili ndio ulikuwa haujaondoka.

Kwa wafanyabiashara mambo yamechanganyika. China ilizifunga njia zake kwa wageni Machi 2020 na haikuondoa karantini mpaka tarehe 8 Januari 2023. Wauza nguo wa Mwanjelwa waliokuwa wakienda Guangzhou kila mwaka walijifunza kuagiza kwa simu: picha inatumwa, bei inajadiliwa kwa ujumbe, wakala wa mizigo anapokea. Wengi waligundua kwamba kumbe nauli, viza na hoteli vilikuwa vikila faida yao. Hao sitawaona tena, na siwalaumu. Wapo lakini waliouziwa mbuzi kwenye gunia, kama yule aliyeagiza suruali za wanaume na kupokea marobota ya saizi za watoto, nao ndio wa kwanza waliorudi dukani kwangu mara njia ilipofunguka. Katika biashara, basi, kinachompeleka mtu ni hasara aliyoipata akiwa nyumbani.

Wanafunzi ni habari ya kusikitisha zaidi. Mkulima wa kahawa wa Mbozi alikuwa na mtoto anayesomea udaktari China, ambaye alirudi likizo mwanzoni mwa 2020 na kukwama huku. Viza za wanafunzi zilirejeshwa Agosti 2022. Kwa zaidi ya miaka miwili kijana alisoma kwa intaneti: kipindi cha saa mbili asubuhi kule kilikuwa saa tisa usiku huku, akiwa amejifunika blanketi kwenye baridi ya Mbozi, akimwangalia mwalimu akionyesha viungo vya mwili kwenye kioo cha simu, na ada ikilipwa. Amekwisha kurudi na anaendelea na masomo. Lakini mdogo wake alipopata nafasi ya kusoma nje, baba alikataa katakata, akampeleka Dodoma. Hakuwa na ubaya na nchi yoyote. Alisema ada anaweza kuilipa mara moja, si mara moja na nusu.

Matibabu sitayazungumzia sana. India ilisimamisha safari za kawaida za kimataifa kuanzia Machi 2020 hadi Machi 2022, na katika kipindi hicho baadhi ya familia zilizokuwa hazijui uwezo wa Muhimbili na wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete zililazimika kuujua. Safari zilizopotea kwa njia hiyo sidhani kama kuna anayepaswa kuzililia, isipokuwa mawakala wenzangu.

Fedha nazo zina sehemu yake. Dola iliyokuwa ikiuzwa karibu shilingi 2,300 wakati wa korona ilipita 2,600 mwaka 2024, na nauli hupangwa kwa dola. Ada ya viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, ilipanda kutoka yuro 80 hadi 90 Juni 2024, nayo hairudishwi ukinyimwa. Hata hivyo nimewaona watu wakiuza ng'ombe ili wasafiri, na nimewaona wenye uwezo wakikataa safari waliyolipiwa, kwa hiyo siwezi kukubali kwamba pesa ndiyo inayotoa uamuzi wa mwisho.

Kama kweli tunataka watu wasafiri, iwe kwa biashara, elimu, ibada au undugu, tuanze na lile linalowakosesha usingizi. Ninyi wa vyombo vya habari, mnapoandika habari za nchi fulani kubadili masharti, andikeni tarehe ya kuanza, nani anahusika, na aliyekwisha kusafiri afanye nini; mara nyingi habari huishia kwenye kichwa chake. Mamlaka zinazosimamia usafiri wa anga zingetusaidia sana kama zingelazimisha masharti ya kurudishiwa nauli yaandikwe kwa Kiswahili kwenye ukurasa wa kwanza wa tiketi, yakisema waziwazi mteja atapata nini mipaka ikifungwa: fedha, vocha, au hakuna. Balozi zetu nazo zingewaambia wasafiri, kabla hawajaondoka, namba ya kupiga na namna ya kuandikishwa, kwa maana wengi waliokwama 2020 hawakujua kwamba kuna mtu alikuwa na wajibu wa kuwahesabu. Na kwa mikoa yetu ya kusini, ikitokea tena haja ya vipimo na vyeti, huduma hiyo iwepo hapahapa Mbeya tangu siku ya kwanza, na saa 72 zihesabiwe kwa kumkumbuka mtu wa Kyela na wa Ludewa.

Nasi mawakala hatuna mikono misafi. Kabla ya 2020 niliuza tiketi nyingi ambazo masharti yake sikuwahi kuyasoma mwenyewe mpaka mwisho, na mama wa Uyole aliponijia na vocha yake nilitumia siku mbili kujifunza jambo ambalo nilipaswa kumweleza siku aliyolipa.

Mama huyo amekuja tena mwezi uliopita. Yule mjukuu sasa anasoma shule na anamuulizia bibi kwa simu. Safari hii nilimsomea masharti ya tiketi mstari kwa mstari, nikiyageuza kuwa Kiswahili cha kawaida, na tulipofika kwenye kifungu cha mipaka kufungwa alinisimamisha, akataka nikirudie, akataka pia nimwandikie kwa mkono kwenye karatasi na niweke sahihi yangu. Nilimwandikia. Ameichukua karatasi hiyo akamwonyeshe mwanawe wa kiume, na amesema jibu atanipa viazi vikishauzwa.

Wako,

Wakala wa tiketi,
Mbeya mjini.